Utumaji wa Kungoja na Utumaji Bila Kungoja

Michakato miwili iliyomo katika kompyuta moja kwa kawaida hairuhusiwi kuchunguliana kumbukumbu, na kwa hiyo, ikitaka kupashana habari, haina budi kupitia kwa kiini cha mfumo endeshi, ambacho ndicho chenye mamlaka juu ya yote miwili. Je, mtumaji akishatuma, asimame au aendelee na shughuli zake?

Anayeufasiri utaratibu wa kusimama, uitwao “blocking” kwa Kiingereza, kwa kitenzi “kuzuia” humpoteza msomaji, maana atadhani ujumbe ndio uliozuiwa, ilhali kinachosimamishwa ni mchakato uliotuma. Naona afadhali tuseme utumaji wa kungoja, na kinyume chake utumaji bila kungoja.

Mtu wa Songea mwenye kifurushi cha kwenda Mbinga hukikabidhi kwa wakala wa basi pale stendi, akapewa stakabadhi, akarejea dukani kwake. Lakini buti la basi lina kiasi chake, na likijaa huambiwa asubiri gari lijalo. Ndivyo ulivyo utumaji bila kungoja: kiini hunakili ujumbe katika foleni, na foleni ikijaa humrudishia mtumaji jawabu la kujaribu tena, wala stakabadhi si ushahidi kwamba mzigo umemfikia mwenyewe.

Njia hiyo ndiyo aliyoifuata Per Brinch Hansen huko Denmark katika mfumo wa RC 4000, mwaka 1969. Andrew Tanenbaum, alipotoa mfumo endeshi wa MINIX mwaka 1987, aliiacha foleni, akamtaka mtumaji angoje hata mpokeaji awe tayari, ili ujumbe unakiliwe mara moja tu, moja kwa moja, na kiini kisihitaji kutenga kumbukumbu ya kuuhifadhi. Faida hiyo ina gharama yake, kwani michakato miwili ikitumiana kwa wakati mmoja, kila mmoja hubaki ukimngoja mwenziwe. Ndiyo sababu kiini cha MINIX hukagua duara la namna hiyo na kurudisha kosa badala ya kuliacha lifungamane.

Basi mteja anayehitaji jibu ndipo aendelee, na angoje, kwa kuwa hana la kupoteza. Bali mchakato unaowahudumia wengi, kama ule wa mafaili, haifai utoe majibu kwa kungoja, maana mteja mmoja mkaidi, akikataa kupokea, atawakwamisha wote waliobaki.