Hamira, mafuta ya ngisi na vifaranga vya samaki wa bahari nchini Japani

Katika miaka ya 1950 wafugaji wa mikunga nchini Japani walisumbuliwa na balaa la mabwawani. Maji ya kijani, yaliyojaa mwani, yalibadilika rangi kwa muda mfupi, oksijeni ikapungua, na mikunga wakafa. Chanzo kilikuwa rotifa aitwaye Brachionus plicatilis, mdudu wa majini asiyefika theluthi ya milimita, anayezaana upesi na kuumaliza mwani uliokuwa ukitoa oksijeni hiyo. Mtafiti Takashi Ito, aliyekuwa mkoani Mie, aliona faida ndani ya hasara hiyo. Alimfuga rotifa kwa makusudi, hata katika maji ya bahari, na kufikia 1960 alikuwa amemtambulisha kama chakula cha vifaranga vya ayu, samaki wa mitoni ambaye vifaranga vyake huanza maisha baharini.

Chakula cha namna hiyo kilikuwa kikihitajika sana. Samaki wengi wa bahari huanguliwa wakiwa na urefu wa milimita mbili au tatu tu, midomo haijafunguka, na akiba ya kiini cha yai huwatosha siku chache. Ikiisha, wanahitaji mawindo madogo yanayokwenda polepole. Artemia, kamba mdogo wa maji ya chumvi ambaye Gunnar Rollefsen alimtumia Norwei katika miaka ya 1930 kulisha vifaranga vya samaki bapa, ana karibu nusu milimita anapoanguliwa. Kwa midomo mingi ni tonge kubwa mno. Rotifa alijaza pengo hilo.

Kumlisha rotifa mwenyewe ndiko kulikokuwa na gharama. Mwani ulihitaji matangi mengi, jua na vibarua. Mwaka 1967 Hirata na Mori walieleza kwamba hamira ya mkate inaweza kuchukua nafasi yake, na gramu moja tu kwa siku ikawa kipimo cha kulishia rotifa milioni moja. Uzalishaji ukapanda. Lakini katika vituo vya kutotolea Pagrus major, samaki mwekundu wa karamu za Wajapani, vifaranga waliokula rotifa wa hamira walikufa kwa wingi huku matumbo yao yakiwa yamejaa. Idadi ya rotifa ndani ya tangi, kipimo ambacho kila fundi alikiamini, haikuwa imesema lolote kuhusu lishe.

Takeshi Watanabe wa Tokyo na wenzake, akiwemo Kitajima wa Nagasaki, walichunguza kirutubisho kimoja baada ya kingine. Protini za rotifa wa hamira hazikutofautiana sana na za rotifa wa mwani. Tofauti ilikuwa kwenye mafuta: hamira haina asidi za mafuta za omega-3 zenye mnyororo mrefu, hasa EPA, na samaki wa bahari hawezi kujitengenezea za kutosha. Mafuta ya rotifa hufuata mafuta ya alichokula. Kwa hiyo tiba ilipitia tumboni mwake. Kwanza alirudishiwa mwani kwa saa kadhaa kabla ya kuliwa. Kisha ikaja hamira iliyokuzwa pamoja na mafuta ya ini la ngisi. Na baadaye mafuta yaliyokorogwa na kiini cha yai kibichi, yakamiminwa moja kwa moja majini.

Uchunguzi huohuo ulifichua kwamba artemia nao si sawa. Wenye EPA ya kutosha walikuza samaki wa bahari; wasiokuwa nayo walifaa samaki wa maji baridi tu. Mayai makavu ya artemia yalipoadimika sokoni katikati ya miaka ya 1970, swali la ubora liliungana na la upatikanaji, na mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kikaanzisha kituo cha artemia chini ya Patrick Sorgeloos.

Baadaye DHA, omega-3 nyingine, inayojenga ubongo na macho, ilionekana kuwa na nguvu kuliko EPA. Artemia huivunja upesi hata baada ya kulishwa. Kopepoda, krasteshia wadogo sana wa majini, wanayo kwa asili. Mmoja wao, Tigriopus wa Japani, hata akikuzwa kwa hamira, hubaki na omega-3 nyingi. Ila kopepoda huzaana polepole na hawavumilii msongamano, ndiyo maana vituo vingi bado hutegemea rotifa na artemia, wakishibishwa mafuta saa chache kabla ya kumiminwa kwenye matangi ya vifaranga.