Daftari la Chipu: Historia ya Mti wa Vifaa

Leo tutatazama historia ya jambo dogo lenye kazi kubwa: jinsi mashine inavyoelezwa viungo vyake yenyewe.

Chukua simu ya mkononi. Ndani yake mna chipu, kipande kidogo ambacho vifaa vingi vimejengwa humo pamoja: saa za kupiga mapigo, njia za kupitishia habari, swichi za umeme. Kila kifaa kina rejista, yaani visanduku vya tarakimu. Programu ikiandika tarakimu katika rejista, kifaa kinatenda. Na kila rejista ina anwani yake. Swali ni hili: programu inazijuaje anwani hizo?

Kompyuta ya mezani yaweza kuviuliza vifaa vyake vingi majina, navyo vikajibu. Lakini vifaa vingi vilivyomo ndani ya chipu ndogo ni bubu. Ukibisha hodi kwenye anwani isiyo na mtu, huenda mashine nzima ikasimama. Kwa hiyo lazima mtu aieleze programu mapema kuna nini, na kipo wapi.

Historia yetu yaanzia Marekani, katika miaka ya 1980 na kitu. Katika kampuni ya Sun Microsystems, Mitch Bradley alitengeneza programu ya kuamshia kompyuta. Programu hiyo iliandika orodha ya vifaa kwa umbo la mti: shina, matawi, na vijitawi, kila kimoja na jina lake na sifa zake. Mwaka 1994 utaratibu huo ulifanywa kanuni rasmi na chama cha wahandisi cha IEEE, ukapewa namba 1275. Kompyuta za Apple zenye chipu za PowerPC ziliutumia pia.

Bodi ndogo, hata hivyo, hazikuweza kubeba programu nzito kama hiyo. Mwaka 2005 watu wa Linux walioshughulikia PowerPC, miongoni mwao Benjamin Herrenschmidt, walipata njia nyepesi. Mti ungeandikwa na binadamu kwa maandishi, kisha ungegeuzwa kuwa faili dogo la tarakimu, na Linux ingekabidhiwa faili hilo inapoamka.

Wakati huo upande wa chipu za ARM, ambazo ndizo zilizoenea katika simu, mambo yalikuwa mengine. Kila bodi ilikuwa na maelezo yake ndani ya programu ya Linux yenyewe. Bodi zilipoongezeka, maandishi yakarudiwa-rudiwa, yakagongana. Mwezi wa Machi 2011, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilalamika hadharani, tena kwa maneno makali. Baada ya hapo kazi ya kuhamisha maelezo hayo kwenye mti, ambayo Grant Likely alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ilikwenda kwa haraka. Faida yake ni kwamba Linux ile ile moja yaweza kuamka juu ya bodi nyingi mbalimbali. Kinachobadilishwa ni mti tu.

Sasa tufike penye ugumu. Mwenye kuunda chipu akisha kuvipanga vifaa vyote, hubaki na swichi ndogo ndogo zisizo na kwao: hii ya kuanzisha upya kifaa cha mtandao, ile ya kuchagua saa, nyingine ya kuwasha njia ya USB. Huzikusanya zote mahali pamoja, na mahali hapo huitwa kidhibiti cha mfumo. Rejista moja yaweza kuwa na swichi 32, na kila swichi ina bwana wake.

Fikiri ghala lenye daftari moja na makarani wawili. Daftari lasema mifuko 40. Karani wa kwanza asoma 40, atoa mifuko 10. Kabla hajaandika, wa pili naye asoma 40, atoa mifuko 5. Wa kwanza aandika 30. Wa pili aandika 35. Ghalani mna mifuko 25, lakini daftari lasema 35. Ndivyo programu mbili zinavyoharibiana swichi katika rejista moja. Mwaka 2012 Linux ilipata dawa, nayo yaitwa «syscon»: mtunza daftari mmoja, na kila mwenye haja hupitia kwake, mmoja baada ya mmoja.

Dawa hiyo ilileta kishawishi. Ikawa rahisi kuandika katika mti neno «syscon» tu, bila kueleza ni kidhibiti cha chipu gani. Je, kuna ubaya? Upo. Mti ukisha kuwekwa katika mashine zilizouzwa, hauna hakika ya kurekebishwa tena. Linux mpya ikija, inatakiwa iuelewe mti wa zamani. Ikigunduliwa kasoro katika chipu fulani, programu itaitambuaje chipu hiyo iwapo jina lake halikuandikwa? Ndiyo sababu kanuni zadai jina kamili la chipu litangulie, na neno la jumla lifuate.

Kanuni ya pili ni kwamba mti ueleze chuma, usieleze programu. Usigawe kidhibiti kimoja matawi matano kwa kuwa tu Linux ina programu tano za kukitumia. Kesho programu hizo zaweza kupangwa upya, na chuma kitabaki vile vile. Tena mti huo husomwa na wengine pia, kama FreeBSD na Zephyr. Tangu mwaka 2019 kanuni nyingi zimekuwa zikigeuzwa kutoka maelezo ya kawaida ziwe za mtindo uitwao YAML, ili kompyuta yenyewe iukague mti na kuonyesha makosa kabla bodi haijatoka kiwandani.

Basi, ndugu, umeona kwamba kuandika mti ni kutoa ahadi. Mwandishi asiyetazama mbele humwachia mnunuzi mashine isiyoweza kupokea Linux mpya, na mashine ya namna hiyo hutupwa ingali nzima.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini chipu ndogo huhitaji kuelezewa vifaa vyake, na kompyuta ya mezani haihitaji sana?
2. Eleza kwa mfano wako mwenyewe hatari ya makarani wawili na daftari moja.
3. Kidhibiti kina swichi za saa na za kuanzisha upya vifaa. Je, utakiandikia tawi moja au mawili? Toa sababu.