Mzigo Unaoonekana: Himo na Historia ya Kuficha

Kuficha kitu kikubwa siyo kazi ngumu sana. Shimo lipo, kichaka kipo, dari ya zizi ipo. Kazi iko njiani: kukitoa hapa na kukifikisha pale huku watu wanapita, wanakusalimia, wanakuuliza unaelekea wapi na mzigo mzito namna hiyo. Nalifikiria jambo hili kila ninapopita Himo, kwa sababu sehemu kubwa ya historia ya mji ule, na ya vijiji vilivyo mlimani juu yake, ni historia ya mizigo iliyopita mbele ya macho ya watu bila mtu kuiona.

Kuna mchezo unaoenea duniani siku hizi, jiokashi. Mtu anaficha chombo mahali, anatangaza namba za satelaiti za mahali pale, kisha wenzake wanakwenda kukitafuta. Chombo cha kwanza kilikuwa ndoo. Mmarekani Dave Ulmer aliifukia nusunusu karibu na Beavercreek, Oregon, tarehe 3 Mei 2000, mara tu baada ya serikali ya nchi yake kuacha kuvuruga kwa makusudi usahihi wa satelaiti zake kwa raia. Kikopo kidogo unakitia mfukoni, lakini ndoo je? Wapita njia ndio tatizo kubwa la mchezo huu. Wachezaji huwaita muggle, neno walilolichukua kwenye riwaya za Harry Potter za J.K. Rowling, yaani mtu wa kawaida asiyejua uchawi. Na wazoefu watakwambia usinyatie usiku. Vaa kizibao cha fundi, tembea mchana kweupe, jifanye uko kazini.

Wabebaji wa mlimani walilijua somo hilo kabla satelaiti ya kwanza haijarushwa.

Hebu tuanze na udongo. Himo iko kilomita 27 hivi mashariki ya Moshi, pale barabara inapogawanyika: moja inapanda Marangu na kuendelea Rombo, nyingine inanyooka kwenda Holili na mpaka wa Kenya. Juu yake ziko Kilema, Marangu, Mamba na Mwika. Huko, kwenye migomba, Wachagga walichimba mahandaki ya kujificha wakati wa vita. Karne ya 19 ilikuwa ya misukosuko mlimani. Wamangi walipigana wao kwa wao, Wamasai walikuja kuteka ng'ombe, na misafara ya pwani ilikuwa ikinunua watu na pembe. Johannes Rebmann alipofika Kilema mwaka 1848, nchi ya Mangi Masaki, aliikuta jamii inayoishi kwa tahadhari. Mlango wa handaki ulikuwa mwembamba, ili anayeingia ainame na aingie peke yake. Ndani kulikuwa na nafasi ya watu na mifugo.

Wageni wanaotembezwa kwenye mahandaki hayo leo hushangaa jinsi yalivyochimbwa. Mimi nashangazwa zaidi na udongo. Ulikwenda wapi? Jibu la wenyeji ni moja: ulibebwa hadi mtoni, maji yakauchukua. Lundo la udongo mpya kwenye kihamba lingekuwa sawa na kumwandikia adui barua.

Sasa tupige hesabu ya dukani. Chukua handaki dogo tu, upana mita moja, kimo mita moja na nusu, urefu mita kumi. Hizo ni mita za ujazo 15. Hata tukisema udongo wa volkano ni mwepesi, tani moja kwa kila mita ya ujazo, tunapata tani 15. Mtu akibeba kilo 25 kichwani, anahitaji safari 600 za mtoni. Mia sita! Kwenye mteremko, kwa vijia vyembamba vinavyopita katikati ya masale ya majirani.

Hesabu hiyo inaniambia kitu ambacho simulizi za mahandaki huwa zinakiruka. Hakuna familia iliyoweza kwenda mtoni mara mia sita bila jirani kujua. Usiku husaidia siku mbili tatu, lakini miezi haisaidii. Mchagga alimficha adui wa mbali, hakumficha jirani, na hakuwa na uwezo wa kumficha. Basi handaki lilikuwa na milango miwili: ule mwembamba wa ardhini, na mdomo wa jirani. Wa pili ndio ulihitaji ulinzi zaidi.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi, mstari ukapinda kuuzunguka mlima, na Taveta ikabaki upande wa pili. (Ile hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake mlima ni tamu, lakini ni hadithi tu.) Mstari uliwakuta watu wakiwa wanauziana ndizi na mifugo, nao hawakuacha. Uliposimamiwa kwa ukali, biashara ileile ilipata jina jipya: magendo.

Jina hilo liliiva miaka ya 1970. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa hadi 1977. Ungetegemea huo uwe wakati wa neema Kilimanjaro. Lakini mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika, ikiwamo KNCU iliyokuwa ikiuza kahawa ya Wachagga tangu 1933, na kazi hiyo ikapelekwa kwenye mamlaka ya kahawa ya serikali. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inasambaratika, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa hiyo mkulima wa Mamba alikuwa na kahawa mkononi, bei nzuri ng'ambo, mnunuzi mmoja tu kwa mujibu wa sheria, na duka la kijiji lisilo na sabuni wala sukari. Kilichofuata kinajulikana: kahawa ilishuka kwenda Kenya, sabuni, mafuta na nguo zikapanda kuja huku. Himo ikawa katikati.

Hapa tunarudi kwenye swali letu la njiani. Gunia la kahawa siyo kikopo cha mfukoni. Lina kilo 60, ni refu kama mtoto wa darasa la tatu. Unalibebaje?

Tazama barabara ya Marangu siku ya soko, hata leo. Akina mama wanashuka na mikungu ya ndizi kichwani, ngata chini yake. Wengine wanapanda kutoka tambarare na mizigo ya majani ya ng'ombe, mikubwa kiasi kwamba kwa mbali unaona majani yanatembea yenyewe. Ng'ombe wa mlimani hulishwa zizini, kwa hiyo majani lazima yabebwe kila siku. Nani atasimamisha kila mzigo wa majani aufungue? Nani atafumua kila tenga la ndizi? Mzigo ambao macho yameuzoea hauonekani. Kizibao cha fundi cha wenzetu wa jiokashi, kwetu kilikuwa khanga, ngata na mkungu.

Na salamu. Mtu asidhani kwamba mzigo unakuondolea wajibu wa kusalimia. Unapokutana na mama wa makamo njiani unasema shikamoo, unasubiri marahaba, unaulizwa habari za nyumbani, na shingo inauma. Anayepita mbio bila salamu ndiye anayetiliwa shaka. Kubeba kwa siri mlimani kulidai adabu kuliko kubeba kwa halali.

Sitaki kuwapamba. Kila gunia lililovuka lilikuwa fedha za kigeni ambazo nchi haikuzipata, katika miaka ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Kagera. Waliotajirika zaidi hawakuwa waliobeba. Na ukimya wa jirani haukuwa upendo kila mara. Mwingine ulinunuliwa, mwingine ulikuwa woga.

Ukimya huo ulipimwa mwaka 1983. Edward Sokoine, Waziri Mkuu, aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na sheria maalumu ikatungwa mwaka huohuo. Msako uliwategemea wananchi watoe taarifa, yaani ulibisha hodi kwenye ule mlango wa pili. Sehemu mbalimbali za nchi watu wakaanza kutupa mali zao usiku, vichakani na majini. Karne moja baada ya udongo wa mahandaki, tatizo lilikuwa lilelile limegeuzwa: namna ya kuondoa mzigo nyumbani bila jirani kuuona. Safari hii jirani hakuaminika tena.

Swali linalonikera kama mwandishi wa habari ni hili: tutaiandikaje historia ambayo ushahidi wake ni kushindwa? Kwenye majalada ya mahakama na kurasa za magazeti ya zamani wamo waliokamatwa. Aliyefika salama hakuacha karatasi. Hata fasihi yetu ilitazama kwingine. Tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974 wasomaji walimfuata Willy Gamba wa Elvis Musiba, mpelelezi mwenye bastola. Mama mwenye mkungu wa ndizi, anayemwitikia askari marahaba huku moyo unadunda, bado anasubiri riwaya yake.

Nikiwagusia wazee wa Himo habari za miaka ile, sauti hushuka, ingawa mpaka ulifunguliwa miaka mingi iliyopita. Neno mhujumu bado linauma. Wanadhani nataka kukiri kwao, wakati ninachotaka ni ufundi wao: njia ipi, saa ngapi, nani alijua akanyamaza, na kwa nini. Hayo hayamo kwenye jalada lolote. Yamo vichwani mwa watu waliokuwa na nguvu za kubeba gunia mwaka 1978, na leo hesabu ya umri wao ni rahisi kuifanya. Kama mmoja wao ni bibi yako au babu yako, muulize mwaka huu. Na akikuomba usitaje jina, usilitaje.