Dopamini: Kemikali ya ubongo inayoweza kumfanya mtu mtulivu kuwa mcheza kamari

KUANZIA mwanzoni mwa miaka ya 2000, madaktari wa Marekani na Ulaya walianza kuripoti jambo lililowashangaza. Watu wazima wenye heshima zao, ambao awali hawakuwa na mazoea ya kamari, walikuwa wakimaliza akiba zao kwenye kumbi za mchezo huo. Walikuwa wagonjwa wa Parkinson, na walitumia dawa zinazoiga kazi ya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini.

Ubongo wa binadamu unakadiriwa kuwa na seli za neva bilioni 86. Baina ya seli na seli kuna mwanya mwembamba mno, na mara nyingi ujumbe huvuka mwanya huo kwa kubebwa na kemikali. Dopamini ni mojawapo ya wajumbe hao.

Mwaka 1957, mwanasayansi wa Sweden, Arvid Carlsson, aliwapa sungura dawa iliyofifisha kemikali za ubongo wao, wakalala bila kuweza kujongea. Alipowadunga levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, waliinuka. Kazi yake ilifungua njia ya kuwatibu wagonjwa wa Parkinson, ambao hutetemeka na kukakamaa kwa sababu seli zao zinazotengeneza dopamini hufa. Carlsson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, pamoja na wenzake wawili.

Wengi huiita dopamini kemikali ya raha. Jina hilo halitoshi. Wolfram Schultz, aliyewachunguza nyani, aligundua kuwa seli za dopamini huchachamaa mnyama anapopata maji ya matunda bila kutarajia. Akishazoea kwamba taa hutangulia maji hayo, seli huitikia taa, si maji. Taa ikiwaka na maji yasije, seli hunyamaza kwa muda mfupi. Hivyo basi, dopamini hupima tofauti baina ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, na humsukuma kiumbe kukitafuta tena.

Hapo ndipo kamari inapopata nguvu zake, kwa kuwa mchezaji hajui lini atashinda. Anayesubiri matokeo ya mechi ya mwisho kwenye mkeka wake anaijua hali hiyo, ingawa si haki kusema kila anayebeti ni mgonjwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha wagonjwa 3,090 wa Parkinson nchini Marekani na Kanada, ulibaini kuwa asilimia 13.6 walishindwa kujizuia katika kamari, ununuzi, ngono au ulaji. Miongoni mwa waliotumia dawa zinazoiga dopamini, kiwango kilikuwa asilimia 17.1, kwa wasiozitumia, 6.9. Walio wengi, basi, hawakupatwa na tatizo hilo.

Kwa familia, tofauti kati ya tabia mbovu na athari ya dawa si jambo dogo, maana mgonjwa huona aibu na huficha madeni. Daktari anayemtibu anapaswa kuelezwa mapema, na mara nyingi tabia hiyo hupungua dozi inapopunguzwa au dawa inapobadilishwa. Hata hivyo, mgonjwa asiache dawa ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani anaweza kukakamaa zaidi au kupatwa na wasiwasi na huzuni kali.