Kalenda ya Shughuli Zetu na Usiku wa Ijumaa

Vijana wetu waliozaliwa huku Uingereza hudhani kwamba kabla ya intaneti watu hawakujua kukutana. Hapo kale, kwetu pwani, mwaliko ulikwenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na baadaye matangazo ya vifo yakasomwa redioni. Tulipohamia huku kazi hiyo ikashikwa na simu: kila nyumba ikipata habari huziarifu nyumba mbili nyingine.

Mwaka 1993 kituo cha CERN, kule Geneva, kilipoachia ufundi wa kurasa za mtandao utumiwe na yeyote bila malipo, sidhani kama kuna aliyezifikiria khitma zetu. Lakini ufundi huo ndio uliotuwezesha kuwa na tovuti yetu, ukurasa mmoja tu: tarehe, mahali, na jina la mwenye shughuli. Nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa nilikuwa na kompyuta na sikuwa na udhuru.

Katika mwaka wa pili niliandika kuwa khitma fulani itasomwa “usiku wa Ijumaa”, nikaiweka chini ya tarehe ya Ijumaa. Jamaa waliotoka mji wa mbali na watoto wao walifika wakakuta majamvi yamekwisha kukunjwa. Bibi mmoja akanipigia simu. “Mwanangu, usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishakuchwa. Hukufundishwa nyumbani?” Nilifundishwa. Kompyuta ndiyo isiyofundishwa, maana kwake siku huanza saa sita ya usiku, na kwetu huanza magharibi.

Taabu ya pili ni mwezi. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo maulidi ya tarehe 12 Mfungo Sita hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kizungu. Mwaka 2000 Idi ya Mfungo Mosi iliingia mara mbili, Januari na Disemba. Ukinakili tarehe za mwaka jana umewapotosha watu. Na mwezi wa kuandama hauandikwi kwa wino mpaka uonekane. Basi mimi huandika “yatarajiwa”, na bado hulaumiwa.

Wengine walishauri tuhamie tovuti kubwa za bure. Hapo niliwasimulia habari za Upcoming, kalenda ya shughuli iliyoanzishwa mwaka 2003 na Bwana Andy Baio wa Marekani. Mwaka 2005 ilinunuliwa na Yahoo, na Aprili 2013 ikafungwa kwa taarifa ya siku chache tu. Watu wa kujitolea ndio waliokimbilia kunakili yaliyokuwemo. Mwaka 2014 mwasisi mwenyewe alianza kuifufua kwa michango.

Tangu hapo ukurasa wetu huchapwa karatasini kila mwisho wa mwezi na kutiwa ndani ya faili. Baadhi ya wazee wetu, tarehe za khitma zao hazikuandikwa pengine popote ila humo. Yule bibi aliyenikemea naye yumo, tarehe yake imeandikwa kwa hesabu zote mbili.

Mwenye shughuli ya Mfungo Sita na alete habari mapema, maana kumbi huwahiwa, na ataje usiku anaoukusudia ni wa kuamkia siku gani.