Biashara ya kusafisha madirisha kwa aliyeajiriwa: aanzie wapi, akatae nini

Dar es Salaam. Mgahawa wa barabarani ukifungua saa 12 asubuhi kwa ajili ya supu na chapati, vumbi lililorushwa na daladala na bajaji jana yake bado limeganda kwenye mlango wa kioo. Mhudumu anachukua tambara, anapitisha mara mbili tatu, na michirizi inabaki hapo mpaka jioni.

Michirizi hiyo ndiyo soko la msafisha vioo. Ni moja ya kazi chache za pembeni ambazo mtu mwenye ajira anaweza kuifanya na bado akawahi ofisini. Haihitaji kukodi fremu wala haina bidhaa ya kuoza. Lakini ina mitego miwili mikubwa: muda na ngazi.

Ratiba kwanza, ndoo baadaye

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Ukijumlisha na foleni, mwajiriwa wa Dar es Salaam anabakiwa na asubuhi mapema na Jumamosi. Jioni haimsaidii sana. Kuanzia saa 12 na nusu giza linaingia, na kioo kilichosafishwa kwa mwanga wa taa kinaweza kuonekana safi usiku, kumbe jua la kesho yake litaonyesha kila mstari uliobaki.

Kwa hiyo kinachoamua faida ni ramani. Anayeishi Kimara na kufanya kazi Mwenge atafute wateja pale anapopita kila siku: Barabara ya Morogoro hadi Ubungo, kisha Sam Nujoma. Akikubali nyumba moja ya Mbagala kwa sababu mwenyewe analipa vizuri, Jumamosi yake yote inaishia kwenye daladala.

Wateja wa asubuhi ni wale wanaofungua mapema: migahawa, hoteli ndogo, zahanati, maduka ya vituo vya mafuta. Maduka mengi mengine hufunga shata za chuma usiku, kwa hiyo bila makubaliano na mwenye ufunguo mtu anaweza kufika na ndoo yake akakuta hakuna kioo cha kufuta. Saluni na maduka ya simu yanaweza kusubiri Jumamosi, pamoja na nyumba za watu.

Bosi ana habari?

Kabla ya kununua chochote, asome mkataba wake wa kazi. Baadhi ya mikataba inazuia kazi nyingine au inataka idhini ya maandishi ya mwajiri. Mtumishi wa umma anabanwa pia na kanuni za maadili kuhusu mgongano wa maslahi, hivyo kwenda kuomba tenda ya vioo kwenye ofisi yake mwenyewe ni kujitafutia balaa. Na simu za wateja zikipigwa saa 4 asubuhi, zisubiri mapumziko ya mchana. Wengi wanaopishana na mabosi wao huanzia kwenye simu.

Kioo kinahitaji vitu vichache

Ndoo mbili, dodoki laini, mpira wa kukaushia kioo wenye mshikio, taulo za maikrofaiba, fimbo ya kurefusha na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Mpira huo una historia ya watu wa kazi hii hii: mfano wake wa kisasa ulibuniwa miaka ya 1930 na Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa akisafisha madirisha Oakland, Marekani.

Matone machache ya sabuni kwenye ndoo yanatosha. Sabuni ikizidi ndiyo inayoacha ukungu. Vumbi la mchanga lioshwe kwa maji kwanza, kwa sababu kulisugua likiwa kavu ni kukwaruza kioo cha mtu. Baada ya hapo mpira unavutwa kuanzia juu, unafutwa kwa taulo kila baada ya mvuto mmoja, na kingo zinamaliziwa kwa taulo kavu. Jua likipiga moja kwa moja kwenye kioo, sabuni inakauka kabla ya mpira kufika, hivyo mwenye uzoefu huanza na upande wenye kivuli.

Maji nayo yana mambo yake. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na yakikauka yanaacha madoa meupe. Afadhali kubeba maji laini ya bomba au ya mvua kwa suuza ya mwisho. Madoa mepesi hulainika kwa siki iliyochanganywa na maji, ila iwekwe kwenye kioo tu na isuuzwe vizuri. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isiguse fremu za alminiamu, inazichubua.

Bei: hesabu na nyavu

Hapa ndipo wengi wanaoanza hujipunja. Dirisha la nyumba ya Dar lina kioo cha kuteleza, wavu wa mbu, grili ya chuma, na reli za chini zilizojaa mchanga na mabawa ya kumbikumbi. Kioo chenyewe kinaweza kuchukua dakika tatu, lakini wavu na reli zikala kumi. Anayetaja bei kwa simu bila kuona, au anayesema “madirisha kumi, elfu ishirini” bila kuuliza kuhusu nyavu, atafanya kazi ya siku nzima kwa malipo ya nusu siku.

Tuchukulie mfano, wa hesabu tu: maduka sita, kila moja mara moja kwa wiki kwa Sh5,000, na nyumba mbili kila Jumamosi kwa Sh30,000 kila moja. Kwa wiki nne ni Sh120,000 na Sh240,000, jumla Sh360,000. Nauli, sabuni na mipira mipya vikila Sh60,000, zinabaki Sh300,000. Si haba juu ya mshahara, ila ona kwamba nyumba ndizo zinazobeba hesabu, na nyumba ndizo zinazoahirisha. Masika, kati ya Machi na Mei, mteja wa nyumbani atasema “ngoja mvua ziishe”. Anayefikiria kuacha kazi kwa sababu ya pesa ya Desemba apitishe kwanza masika moja akiwa bado na mshahara.

Ngazi

Mwajiriwa akianguka Jumamosi kwa mteja wake, hiyo si ajali ya kazi ya mwajiri wake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) unalipa kwa madhara yanayotokana na ajira, na dirisha la mteja binafsi halimo. Mguu ukivunjika, kwa pigo moja biashara inasimama na Jumatatu kazini hafiki.

Kwa anayeanza, fimbo ya kurefusha inatosha kwa madirisha mengi, na miguu inabaki chini. Ngazi ikilazimika, kila mita nne za urefu inapoegemea, kitako chake kikae mita moja kutoka ukutani, na awepo mtu wa kuishika. Ngazi ya alminiamu isisogezwe karibu na waya wa TANESCO unaoingia nyumbani. Maghorofa ya kamba na vikapu yaachiwe kampuni zenye mafunzo na bima, hata mteja akiongeza dau.

Karatasi

Mwenye TIN kupitia ajira haombi nyingine, anakwenda TRA kuongeza taarifa za biashara kwenye ile ile. Aulize pia namna mapato yanavyojumlishwa na mshahara, maana kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo imetungwa kwa mtu ambaye kipato chake chote ni cha biashara. Jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa mtandao, na leseni inapatikana halmashauri. Zahanati au hoteli ikitaka risiti, mambo haya yanapaswa kuwa tayari.

Kazi ikizidi, wengi humchukua kijana wa mtaani wa kushika ngazi na kusafisha nyavu. Wakishaajiri hivyo, wao ndio waajiri: kijana anapaswa kuwa na mkataba, na usajili WCF na NSSF unakuwa juu yao.