Ruhusa ya Mutu: Toka Ruzizi hata Katanga

Mwaka 1958, toka tarehe 24 mwezi wa pili hata tarehe 10 mwezi wa ine, watu zaidi ya 215,000 walipewa dawa ya kuzuia polio katika bonde la Ruzizi. Dawa ilikuwa mupya, kazi ya Hilary Koprowski wa Philadelphia. Ghislain Courtois, mukubwa wa laboratwari ya Stanleyville, Kisangani ya leo, aliongoza kazi huku kwetu. Watu walikusanyika, dawa ikapuliziwa kinywani, wakarudi nyumbani. Hatusemi kama waganga wale walikuwa watu wabaya, maana polio ililemaza watoto kweli. Lakini zamani zile Serikali ilipoita, nani alikataa? Kuita watu si kuwauliza. (Na miaka ya nyuma, uvumi ulipotokea kama ukimwi ulitoka katika dawa ile, wengi waliusadiki hata wenye elimu walipokwisha kuhakikisha kama si kweli.)

Tena sheria ilikuwa imekwisha kusemwa. Mwaka 1947 mahakimu wa Nuremberg, walipohukumu waganga wa Hitler, waliandika kama ruhusa ya mutu mwenyewe ni sharti la kwanza. Mwezi wa tisa 1952 Papa Pio XII alifundisha waganga huko Roma ya kuwa muganga hana mamlaka juu ya mugonjwa kupita ile aliyopewa na mugonjwa mwenyewe. Faida ya elimu haitoshi, wala faida ya watu wote. Ilikuwa zaidi ya miaka mitano mbele ya Ruzizi.

Kumbe sheria ilikosa mulinzi. Huko Tuskegee, Amerika, wagonjwa weusi wa kaswende waliangaliwa tu bila kupewa dawa ya kuponya, toka 1932 hata 1972. Habari ilipojulikana, sheria ya 1974 iliweka komite za kuchungua kazi mbele haijaanza. Leo Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina komite yake. Mwenye kutafuta analeta mupango wake wote kwa maandiko, nao wanamuuliza: hatari gani? Faida ya nani? Watu wataelezwa kwa lugha gani? Anayekataa katikati ya kazi, atapata hasara? Wanaweza kumurudisha akaandike tena, hata kumukatalia kabisa.

Maulizo hayo yanatugusa karibu. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na Leuven walitangaza kazi yao juu ya watu 351 wa Katanga ya kusini: walipima mukojo, wakakuta kobalti nyingi sana kwa wanaokaa karibu na migodi na viwanda. Kazi ya lazima, kwa maoni yangu. Lakini mama anayeambiwa kama mutoto wake ana kobalti mwilini, naye hana pahali pengine pa kuhamia, amepata nini?

Mulungwishi iko njiani toka Likasi kwenda Kolwezi, na ndugu zetu Wametodisti wana chuo kikuu pale. Mwanafunzi akija na karatasi za maulizo, mara nyingi atatafuta kwanza katekista, ili atangaze siku ya Mungu. Katekista aombe kwanza kuona barua ya komite. Kisha atangaze nje, Misa ikiisha, si mbele ya altare, kwani huko kila tangazo husikiwa kama amri ya Kanisa. Komite inakaa Lubumbashi, mbali kilometa zaidi ya 100. Haioni nani anayemusomea mama karatasi ya Kifaransa mbele hajatia kidole.